Kuhamia Nachingwea kikazi na kutafuta shamba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila majina ya ajira mpya yanapotoka, simu yangu huanza kuita. Anayepiga huwa ni mwalimu, muuguzi au afisa ugani aliyeona jina lake limepangwa Nachingwea, Ruangwa, Liwale, Masasi au Newala, wilaya za huku kusini mikoa ya Lindi na Mtwara, na akapewa namba yangu na mtu anayenifahamu. Nilifika Nachingwea Januari 2017 nikitokea Mwanza, kufundisha sekondari. Nilikuja na begi moja na godoro, bila ndugu hata mmoja ng'ambo hii ya Rufiji. Leo nina shamba, nina majirani wanaonizika nikifa, na nina majibu ambayo ningependa mtu angenipa siku ile.

Nimepangiwa Nachingwea. Ni mbali kiasi gani?

Ukitokea Dar es Salaam, unapita Kibiti, unavuka Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003, unashuka Nangurukuru, kisha Lindi mpaka Mingoyo. Hapo Mingoyo barabara inagawanyika: ya kushoto inakwenda Mtwara, ya kulia inapanda Masasi. Nachingwea iko kilomita 45 hivi kutoka Masasi. Mabasi huondoka Dar alfajiri, ukafika jioni kama njia ni nzima.

Njia haiwi nzima siku zote. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, maji yalikata barabara maeneo ya Somanga, Kilwa, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikawa kama kisiwa kwa siku kadhaa. Ukiripoti kati ya Machi na Mei, beba pesa ya akiba ya kulala njiani, na barua yako ya ajira iwe kwenye mfuko wa nailoni. Usiiweke kwenye begi linalokwenda chini ya buti.

Na nikipangiwa Liwale?

Barabara ya Nangurukuru hadi Liwale ina kilomita zipatazo 230, na masika huisumbua sana. Wengi hupitia Nachingwea. Uliza madereva wa wiki hiyo hiyo, maana wa mwezi uliopita hawajui hali ya leo.

Nibebe vyombo vyote vya nyumbani?

Hapana. Kitanda, meza na kabati vinachongwa huku kwa mbao nzuri kwa bei ya chini kuliko nauli ya kuvisafirisha. Beba godoro zuri, chandarua, taa ya sola, vyeti halisi na nakala zake, na pesa ya kula mwezi mmoja na nusu. Stahili zako za kuripoti zipo kisheria na uzidai kwa barua, lakini usiweke chakula cha mwanao kwenye matumaini kwamba zitaingia wiki ya kwanza. Mimi zilichelewa. Nilikula kwa mkopo wa duka la mama mmoja aliyekuwa hajui hata jina langu la pili.

Nyumba ya kupanga inapatikana?

Mjini, ndiyo. Wenye nyumba wengi huomba kodi ya miezi mitatu au sita. Kabla ya kulipa, angalia mambo ambayo mtu wa mjini hasahau ila akifika huku anaona haya kuuliza: choo kinachangiwa na familia ngapi, mita ya LUKU ni ya kila mpangaji au ya nyumba nzima, na paa linavuja wapi. Nenda mvua ikinyesha kama unaweza.

Vijijini, nyumba ya mtumishi ikiwepo ichukue hata kama imechakaa. Isipokuwepo, mwone mwenyekiti wa kijiji kabla ya dalali. Mwenyekiti anajua nani mtoto wake amehamia Dar na nyumba imebaki na bibi peke yake. Mpangaji wa namna hiyo anakuwa mjukuu, na ulinzi wa nyumba unaupata bure.

Maji yakoje?

Swali hili lina jibu tofauti kila wilaya. Nachingwea mjini na Masasi hutegemea chanzo cha Mbwinji, chini ya mamlaka moja ya maji ya miji hiyo miwili. Hufika kwa mgao, kwa hiyo pipa la lita 200 linunue mapema. Vijijini ni visima na pampu za mkono.

Ukipangiwa Newala au Tandahimba, maji yaulizie kabla ya kitu kingine chochote. Uwanda wa Makonde una udongo unaonyonya mvua yote ikazama chini sana, na chemchemi ziko huko mabondeni. Ndiyo maana nyumba nyingi za zamani pale Newala zina tangi la kuvunia maji ya bati uani. Nyumba yenye tangi zima, lisilo na ufa, ina thamani kuliko nyumba yenye vigae sakafuni.

Umeme?

Upo mijini na vijiji vingi vimefikiwa. Unakatika. Taa ya sola niliyoitaja hapo juu ndiyo sababu.

Nataka shamba. Ninunue mara nikifika?

Usinunue. Kama una haraka na umesoma mpaka hapa tu, chukua jibu hili moja: kaa mzunguko mzima wa korosho kabla hujatoa shilingi. Yaani uone mvua zinavyoanza Novemba au Desemba, uone ardhi inavyokuwa Aprili, uone maua ya mikorosho Julai, uone watu wanaokota Oktoba. Kwa mwaka huo, kodi ekari moja. Watu hukodisha mashamba kwa msimu kwa bei nafuu, na wengine watakuazima bure ukiwa mtumishi wa kijiji chao.

Mwaka mmoja utakuonyesha mambo ambayo hakuna karatasi inayoyaonyesha: maji yanatuama wapi, njia ya ng'ombe inapita wapi, nani hasalimiani na nani kwa sababu ya mpaka, na miti ipi ina mwenyewe mwingine. Hilo la mwisho ndilo lililonipata.

Miti kuwa na mwenyewe mwingine ni kitu gani?

Kusini, ardhi na mkorosho vinaweza kuwa mikononi mwa watu wawili. Mtu akibanwa na njaa ya Januari au Februari, au mgonjwa akilazwa, huweka mikorosho yake rehani. Aliyempa pesa anavuna miti ile msimu mmoja, miwili au mitatu, kadiri walivyokubaliana. Shamba linabaki la mwenyewe, ila korosho si zake.

Agosti 2018 nilinunua ekari tatu zenye mikorosho 41. Nililipa shilingi 1,200,000, akiba yangu yote. Tuliandikiana, balozi wa nyumba kumi akasaini, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata tangu nianze kazi. Jumamosi moja ya Oktoba nikaenda na ndoo mbili kuokota. Nikamkuta mama mmoja na wanawe watatu wameinama chini ya miti. Walikuwa wameshakusanya rundo kwenye mkeka, wananyonga korosho kutoka kwenye mabibo, yale matunda yenye maji, na kuyatupa mabibo upande, na harufu yake tamu ya kuchacha imejaa shamba zima. Mama akasimama, akafuta mikono kwenye kanga, akasema: "Karibu, mwalimu. Hapa mpaka msimu wa 2020 ni kwangu." Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa ndani ya nailoni. Ilikuwa na sahihi ya yule aliyeniuzia. Shahidi wa pili alikuwa balozi yule yule aliyesaini karatasi yangu.

Balozi hakuwa ameniibia. Mimi niliuliza kuhusu shamba, naye akanijibu kuhusu shamba. Kuhusu miti sikuuliza.

Tulikaa kwa mwenyekiti wa kitongoji siku mbili. Mama yule alikuwa na haki yake, na nilikubali avune misimu ile yote. Mimi nikapalilia na kupanda miche mipya kwenye nafasi zilizokuwa wazi. Ule ndio msimu ambao serikali iliingiza jeshi kukusanya korosho na kutangaza shilingi 3,300 kwa kilo. Niliwaangalia watu wakipanga magunia, mimi sina hata moja.

Kwa hiyo unapouliza, uliza hivi, kwa maneno haya haya, mbele ya watu watatu au zaidi: "Miti hii nani anaivuna msimu huu? Msimu ujao? Kuna mtu mwenye karatasi?" Kisha iandikwe kwenye mkataba kwamba mikorosho haimo rehani, na idadi ya miti itajwe.

Nani ana mamlaka ya kuniuzia au kunigawia ardhi?

Inategemea kama ni ardhi ya kijiji au kiwanja cha mji kilichopimwa.

Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Msimamizi wake ni Halmashauri ya Kijiji, na ugawaji hupitia Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kukukatia ekari 20, hata akikuonyesha mhuri. Ukiambiwa "hili tutamalizana mimi na wewe," aga kwa heshima uondoke. Utaratibu ukikamilika na kijiji kina mpango wake wa matumizi ya ardhi, unaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo kisheria ina hadhi sawa na hakimiliki nyingine.

Kiwanja cha mji kinapitia idara ya ardhi ya halmashauri. Malipo yote ya serikali yana kontro namba, yaani namba maalumu ya kulipia. Anayetaka pesa taslimu mkononi kwa ajili ya "kuharakisha" hana faida nawe.

Kama mwenzi wako si raia wa Tanzania, jueni kwamba asiye raia hamilikishwi ardhi kama mimi na wewe; mlango wake ni wa uwekezaji tu.

Mbona muuzaji ananiambia anamsubiri mjomba wake?

Msubiri naye. Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili wanahesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa kwenye mali ya familia. Mtu wa Kanda ya Ziwa kama mimi huona baba amekubali akadhani mambo yamekwisha. Huku baba anaweza kukubali, mjomba akaja mwaka wa tatu na kuuliza ardhi ya dada zake imekwendaje. Mjomba akiwepo siku ya kuandikiana, na mke au mume wa muuzaji akiwepo pia na akasaini, umelala usingizi. Ridhaa ya mwenzi haihitajiki kwa adabu tu, sheria nayo inaitaka kwenye mali ya ndoa.

Ekari ngapi zinanitosha nikiwa na kazi ya ofisi?

Mbili au tatu. Najua hupendi kusikia hivyo, hasa ukiona bei za huku ukilinganisha na za kwenu.

Nachingwea inajua habari ya mipango mikubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa kulima karanga hapa, Kongwa na Urambo, kwa matrekta na mamilioni ya pauni. Walijenga reli kutoka Mtwara mpaka Nachingwea na bandari ya kina kirefu pale Mtwara. Mpango ulifutwa 1951, wakiwa wamefyeka sehemu ndogo tu ya walichokusudia: mvua hazikufuata ramani, mashine zilivunjikia kwenye visiki, na udongo walikuwa hawajausoma. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari inafanya kazi mpaka leo, na hapa kwetu limebaki jina: tuna kata inaitwa Stesheni, na watoto niliowafundisha hawajawahi kuona treni. Nawapeleka wanafunzi wangu kutembea pale kila mwaka, maana wanastahili kujua jina la kwao limetoka wapi.

Pima mwenyewe. Huku ekari husemwa hatua 70 kwa 70, na hatua zinategemea miguu ya nani. Ekari kamili ni kama mita 64 kwa 64. Nenda na kamba.

Mikorosho inataka kazi gani kwa mwaka?

Nafasi inayopendekezwa ni mita 12 kwa 12, yaani miti 28 hivi kwa ekari. Ukiona shamba miti imesongamana matawi yanashikana, utavuna majani. Miche bora waulizie watu wa kilimo wa halmashauri. Utafiti wa korosho nchini unafanyika Naliendele, Mtwara, na mbegu zao ndizo za kuamini.

Mvua zikiisha, Mei na Juni, unapalilia na kupogolea. Palizi hii usiikwepe, kwa sababu korosho huokotwa chini, na moto ukipita kwenye nyasi kavu za Agosti unamaliza miaka kumi ya kazi kwa saa moja. Miti ikianza kuchanua unapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umelala. Nina kazi ya kuingia saa moja na nusu asubuhi, kwa hiyo namlipa kijana mwenye bomba, na nakwenda naye saa kumi na moja alfajiri nione mwenyewe kila mti umefikiwa. Mvalishe barakoa na miwani hata akikataa. Salfa inachoma macho, na nimeona vijana wengi wakiifanyia kazi uso wazi.

Jiandikishe kama mkulima kwenye kijiji chako mapema, maana pembejeo za ruzuku hutolewa kwa walioandikishwa.

Oktoba mpaka Desemba unaokota zilizodondoka zenyewe. Usitikise mti. Anika juani siku mbili tatu, chambua, peleka ghala la chama cha msingi cha ushirika. Kutoka hapo zinakwenda mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani unaacha korosho ghalani, unapewa stakabadhi ya kilo zako. Kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale chama kikuu cha ushirika ni RUNALI. Pesa inaingia benki baada ya mnada, kwa hiyo akaunti iwe na jina lile lile ulilojiandikisha nalo. Bei hupanda na kushuka. Kwenye minada ya msimu wa 2024 ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, na watu waliezeka nyumba. Usipange ada ya mtoto kwa bei ya mwaka huo.

Nimeambiwa kangomba inalipa haraka. Niingie?

Kangomba ni kununua korosho za mtu mapema, nje ya mfumo, kwa bakuli na kwa bei ya kutupa, wakati ana njaa. Imekatazwa. Na wewe mtumishi mwenye mshahara wa kila mwezi, kwenda kwa jirani yako Februari na kumnunulia jasho lake la Oktoba kwa bei ya unga wa ugali, ni dhuluma. Watu wanajua nani anafanya, na mtoto wa mtu huyo yuko darasani kwako.

Nisipotaka korosho nilime nini?

Ufuta na mbaazi. Ufuta huvunwa kuanzia Mei, mbaazi baadaye kidogo, na vyote vina soko la mnada. Kwa kula: muhogo, mahindi, karanga, njugu mawe. Mvua ni msimu mmoja tu, na mara nyingi hukatika katikati, Januari au Februari. Mahindi yaliyochelewa kupandwa hufia hapo. Muhogo hauna wasiwasi huo, na kisamvu unakipata bure.

Tembo wanafika?

Wanafika. Upande wa Liwale na vijiji vya Nachingwea vilivyo karibu na misitu, tembo huingia mashambani, hasa mahindi yakikomaa. Kabla hujanunua, uliza wameonekana lini mara ya mwisho na walipita wapi, kwa sababu hurudia njia zao. Usiwafukuze wewe na tochi. Toa taarifa kwa mtendaji, watu wa wanyamapori waitwe.

Wenyeji wanampokeaje mtu wa kuja?

Vizuri kuliko nilivyostahili. Salimia kwanza, na usalimie taratibu. Mtu akikwambia "shikamoo" wewe kijana kwa sababu ni mwalimu, naye ana mvi, mtangulie siku inayofuata. Nenda msibani hata kama humjui marehemu. Kaa mkekani, changia kidogo ulicho nacho. Likizo za Juni na Desemba utasikia ngoma usiku kucha za jando na unyago. Mwanafunzi wako akirudi amefungwa kitambaa kipya na anakuamkia kwa unyenyekevu mpya, usimcheke mbele ya wenzake. Kama ana umri wa kuanza kuacha shule kwa sababu hiyo, zungumza na mama yake na mjomba wake, nyumbani kwao. Barua ya shule haitafanya kazi hiyo.

Ukikaribishwa ming'oko, kula. Ni mizizi ya porini inayochemshwa, na mtu aliichimba kwa mikono.

Nikiugua?

Nachingwea ina hospitali ya wilaya. Kwa makubwa zaidi watu hukimbilia Ndanda, hospitali ya misheni iliyo njia ya Masasi–Lindi, au Nyangao. Rufaa ya kanda iko Mitengo, Mtwara. Kama una mjamzito nyumbani na unaishi kijijini, wiki za mwisho ahamie mjini, na hasa kama ni masika.

Nikihamishwa, shamba langu nimwachie nani?

Mwachie mtu anayeishi kwa kuliona kila siku, na muandikiane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: nani ananunua salfa, nani analipa palizi, mavuno yanagawanywaje, na kwamba miti haiwekwi rehani bila sahihi yako. Mgao wa nusu kwa nusu unaeleweka na kila mtu huku. Andika idadi ya miti. Mwaka 2021 nilikwenda masomoni miezi minne, na niliyemwachia alikuwa mama yule yule wa pindo la kanga. Msimu wake ulikuwa umekwisha. Niliporudi Oktoba nikakuta magunia mawili yameshonwa yanangoja ghalani, na karatasi ya daftari ndani ya nailoni: kilo za kila siku, zimeandikwa na mwanawe wa mwisho, ambaye wakati ule alikuwa kidato cha pili.